Ukienda Japani kwa ajili ya madubwana, anzia kwenye boti

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko pembeni ya Soko la Majengo hapa Dodoma, na kazi inayoniweka mjini ni sare za shule. Godzilla, dubwana la filamu za Kijapani, nilimwona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, kwenye kibanda umiza cha Chang'ombe. Kanda ilikuwa imechakaa, na msimuliaji alikuwa anamwaga Kiswahili juu ya Kijapani. Kaka zangu waliangalia majengo yanavyobomoka. Mimi niliangalia goti. Kila dubwana lilipopiga hatua, ngozi ya nyuma ya goti ilijikunja kama suruali ya kaki iliyoshonwa kwa kitambaa kizito kupita kiasi. Nikamnong'oneza kaka, "Hii ni nguo. Kuna mtu humo." Akaniambia ninyamaze, wenzangu wanaangalia.

Kweli alikuwemo mtu, jina lake Haruo Nakajima. Nimekwenda Japani mara mbili kuifuata ile nguo na mikono iliyoitengeneza, Aprili 2018 na Novemba 2024, kwa hela ya sare na kikoba. Tangu nirudi, vijana wa chuo kikuu wanaoniletea picha za kwenye simu niwashonee mavazi ya katuni za Kijapani hawaachi kuniuliza: dada, na mimi nikijaliwa kwenda, nianzie wapi? Nimejibu mmoja mmoja mpaka sauti imekauka, sasa naandika.

Siku ya kwanza: Yumenoshima

Wengi hukimbilia Shinjuku, mtaa wa Tokyo, kupiga picha na kile kichwa kikubwa cha Godzilla juu ya jengo. Nenda, lakini siyo siku ya kwanza. Siku ya kwanza panda treni ya chini ya ardhi, njia ya Yurakucho, mpaka kituo cha mwisho, Shin-Kiba. Ukitoka hapo ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu hadi bustani ya Yumenoshima. Jina lake maana yake ni Kisiwa cha Ndoto, na ardhi yenyewe imejengwa kwa takataka za jiji la Tokyo. Ndani ya bustani kuna jumba la maonyesho. Kiingilio ni bure, Jumatatu hufungwa.

Humo ndani ipo boti ya mbao, nzima, urefu wake karibu mita 30. Inaitwa Daigo Fukuryu Maru. Tarehe 1 Machi 1954 ilikuwa inavua jodari kwenye Bahari ya Pasifiki, Wamarekani walipolipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini. Boti ilikuwa umbali wa kama kilomita 160. Wavuvi 23 waliokuwemo waliona mwanga upande wa magharibi, kama jua limekosea njia na kuchomoza kunakotua. Baada ya muda likaanza kuwanyeshea jivu jeupe. Lilikuwa vumbi la matumbawe yaliyosagwa na bomu, na wao wakalishika kwa mikono mitupu. Walifika nyumbani, bandari ya Yaizu, tarehe 14 Machi, ngozi zimeungua na nywele zinapukutika. Fundi wao wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo. Tarehe 3 Novemba filamu ya kwanza ya Godzilla ikaanza kuonyeshwa, na inafunguka na boti baharini na mwanga usiojulikana ulikotoka. Waliokaa kwenye viti vya sinema siku ile hawakuhitaji kuelezwa.

Mimi nilihitaji. Nilipita chini ya ubavu wa ile boti nikiwa nimeinua shingo. Mbao zina nyufa ndefu, rangi imebanduka vipande vipande, hakuna aliyejaribu kuiremba ionekane mpya. Na hapo ndipo nilipoielewa ngozi ya Godzilla. Miaka yote nilidhani waliiga mamba, au gome la mbuyu. Waliiga makovu, yale makovu mazito yaliyovimba kwenye miili ya watu walionusurika na bomu la Hiroshima. Fundi aliyeviringisha mpira ule kidole kwa kidole alikuwa anatengeneza ngozi ya binadamu iliyoungua.

Mzee mmoja anayejitolea pale aliniuliza kwa simu yake ya kutafsiri ninatoka wapi. Nikamwandikia: Dodoma, Tanzania. Akanipeleka kwenye ramani, akanionyesha kwa kidole jivu lilikofika. Wakati wa kuagana nilimpa kipochi cha kitenge nilichoshona mwenyewe. Akashukuru, kisha akakigeuza ndani nje na kuukagua mshono kwa kidole gumba. Hivyo ndivyo fundi anavyopokea kitu. Beba vizawadi vidogo vya aina hiyo, vyepesi, vitano au sita. Utakutana na watu utakaotaka kuwaachia kitu.

Jipe saa mbili, usiingie na kutoka. Nje kuna injini ya boti hiyo na jiwe la kumbukumbu la Kuboyama, aliyeomba awe mtu wa mwisho kuuawa na mabomu ya namna ile.

Tembo, zeze na vazi la kilo mia

Siku ya pili nenda Ueno, kwenye bustani ya wanyama. Nakajima alikwenda pale kuwatazama tembo na dubu ili ajifunze kutembea kwa uzito. Ukifika kwa tembo usitazame mkonga, tazama mguu: unavyopanda, unavyokaa sekunde moja hewani, unavyotua bila haraka. Kisha urudie filamu ya 1954 usiku kwenye simu. Utaiona hatua ileile.

Mtu wa Dodoma ana sababu yake ya kusimama pale. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akadidimia kwenye tope, watu wakasema "idodomya", amezama, na mji ukapata jina. Dubwana letu lilizama na la Wajapani lilizuka. Niliwaza hayo nimeshika chuma cha uzio, baridi ya Novemba inanichoma vidole.

Mlio nao una habari yake. Kuna watu wanaodhani ni simba au mamba amerekodiwa. Ni uzi. Mtunzi wa muziki wa filamu ile, Akira Ifukube, alitumia kontrabasi, ile fidla kubwa kuliko zote. Uzi wake ulilegezwa, ukasuguliwa kwa glovu ya ngozi iliyopakwa lami ya msonobari, sauti ikarekodiwa na kupunguzwa kasi. Kama umekua unasikia zeze likisuguliwa kwenye ngoma za Kigogo, funga macho uusikilize tena mlio ule. Sikio lako litaukubali mara moja.

Na vazi. La kwanza lilikuwa na fremu ya mianzi na waya, juu yake wavu wa chuma na vitu vya kujazia, kisha mpira ukapakwa tabaka kwa tabaka. Lilitoka zito, karibu kilo 100, na gumu kiasi kwamba aliyelivaa hakuweza kutembea. Walilifanyaje? Walilikata katikati. Sehemu ya chini wakaifunga kamba za mabegani kama suruali yenye mikanda, wakaitumia pale ambapo kamera inataka miguu tu. Nilipolisoma hilo niliona raha ya kazi, maana hata mimi gauni likikataa mwilini silitupi, nalifanya sketi. Wakatengeneza la pili, jepesi kidogo, na hata hilo Nakajima alivumilia dakika chache tu chini ya taa kabla ya kutaka kuzimia.

Ukiwa Ueno, Nippori ni vituo viwili tu mbele kwa treni ya Yamanote. Pale kuna mtaa mzima wa maduka ya vitambaa, na wanaojishonea mavazi ya katuni ndiko wanakonunua. Kama unashona, tenga nusu siku na uende na vipimo vyako vimeandikwa kwa sentimita. Bei imebandikwa na ndiyo hiyohiyo, usianze kuomba punguzo kama Majengo. Wanaona aibu kwa niaba yako.

Makaratasi, hela na umeme

Hapa nitapita haraka. Viza inaombwa Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, na Mtanzania lazima awe nayo kabla ya kusafiri. Watataka ratiba ya siku kwa siku na taarifa ya benki. Ratiba iandike wewe mwenyewe, kwa majina halisi ya sehemu unazokwenda, siyo "kutembelea Tokyo" siku kumi mfululizo. Mara ya kwanza nilimlipa wakala aniharakishie, akala laki nne yangu, na mwisho nilipeleka makaratasi kwa mikono yangu yakapita. Sasa tuna treni ya umeme, Dodoma hadi Dar ni safari ya asubuhi moja, hakuna sababu ya kumtuma mtu.

Ndege ya moja kwa moja hakuna, utabadilisha njiani. Ukifika, nunua kadi ya Suica na uiwekee hela. Unaigusisha getini kwenye treni na mabasi, hata dukani inalipia maji. Ile pasi ya treni ya siku saba kwa wageni ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000 mwezi Oktoba 2023. Kama sehemu kubwa ya safari yako ni Tokyo na mji mmoja wa nje, usiinunue. Lipa tiketi moja moja.

Plagi zao ni za miguu miwili bapa na umeme wao ni volti 100. Simu haina shida, ila utahitaji kichwa cha kubadilishia. Mafundi wenzangu, nawaomba: cherehani ya umeme ya Kijapani inavutia sana dukani, lakini imetengenezwa kwa volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 za kwetu bila transfoma, inaungua siku hiyohiyo.

Sukagawa

Kama una siku moja tu ya kutoka nje ya Tokyo, wengine watakwambia Kyoto. Mimi nakutuma Sukagawa, mkoa wa Fukushima. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1901 Eiji Tsuburaya, aliyesimamia hila za kamera kwenye Godzilla ya kwanza na baadaye akaanzisha kampuni iliyoleta shujaa wa kubuni Ultraman kwenye televisheni mwaka 1966. Panda treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hadi Koriyama, saa moja na nusu hivi, halafu treni ya kawaida ya kurudi kusini kidogo mpaka Sukagawa. Epuka Jumanne, majumba ya huko hufungwa.

Mji ni mdogo na mkimya. Unatembea barabarani, watu wanakwenda benki, na kandokando wamesimama Ultraman na madubwana yake. Mwaka 2013 mji ule ulifanya undugu na Nchi ya Mwanga ya M78, sayari ya kwenye hadithi anakotoka Ultraman. Manispaa imeweka saini kabisa. Bibi mmoja aliegesha baiskeli yake kwenye mguu wa dubwana, akaingia dukani, akatoka na vitunguu. Nilikaa kwenye benchi nikatazama hilo tu kwa muda mrefu.

Jumba la makumbusho la Tsuburaya liko ghorofa ya tano ya kituo cha wananchi kinachoitwa tette, kilichofunguliwa Januari 2019. Bure. Lakini nilichokifuata mimi kiko mbali zaidi, na toka stesheni ni bora uchukue teksi: hifadhi ya vifaa vya filamu za namna hii, iliyofunguliwa Novemba 2020. Mara yangu ya kwanza Japani haikuwepo. Nayo ni bure. Humo wanatunza vile vitu vidogo vilivyotengenezwa ili vivunjwe, majengo, ndege, magari, vikanusurika. Vimepangwa kwenye rafu kama viatu kwa fundi viatu, kila kimoja kinangoja zamu ya kukarabatiwa.

Nilisimama mbele ya jengo moja dogo. Madirisha yake yalikatwa kwa kisu, moja moja, na kwenye kona moja fundi alikosea, mstari umepinda kama upana wa uzi. Akauacha. Alijua kamera haitafika pale, au muda ulikuwa umekwisha. Mimi ninao mshono wa hivyo kwenye kila sare ya Januari, wazazi wamejipanga nje na shule inafunguliwa kesho.

Tiketi ya saa kumi

Makumbusho ya Ghibli, ile studio ya filamu za katuni, huko Mitaka magharibi mwa Tokyo, hayana tiketi mlangoni. Tiketi za mwezi unaofuata hutolewa tarehe 10 ya kila mwezi, saa 10:00 ya Japani, mtandaoni. Mtu mzima ni yeni 1,000. Zinakwisha upesi mno. Mwaka 2018 nilikosa, kwa sababu nilisoma hiyo 10:00 nikakaa kwenye simu saa nne asubuhi ya Dodoma. Nilikuta siku zangu zote zimejaa. Ilikuwa saa kumi jioni kule.

Japani wametutangulia saa sita, na saa ya Kiswahili nayo imepishana saa sita na ile inayoandikwa kwenye simu. Kwa hiyo namba utakayoiona kwenye saa ya Japani ndiyo saa tunayoitaja nyumbani. Kwao 10:00, kwetu ni saa kumi, ya alfajiri. Kwao saa ikionyesha 1:00 mchana, kwetu ni saa moja asubuhi. Huhitaji kujumlisha wala kutoa. Mara ya pili niliweka kengele, nikaamka kabla ya adhana, nikapata tiketi mbili nimejifunga kanga kitandani.

Ndani hairuhusiwi kupiga picha, na ni vizuri, maana watu wanatazama kwa macho. Chukua pasipoti. Tiketi utakayobaki nayo ina vipande vya filamu halisi ndani yake, inue kwenye mwanga uone umepata picha gani. Juu ya paa amesimama askari roboti, pale ndipo unapoweza kutoa simu.

Shinjuku nakupa usiku mmoja. Kichwa cha Godzilla kiko kwenye jengo la Toho, Kabukicho, tangu Aprili 2015, karibu mita 50 kutoka ardhini, yaani kimo kilekile alichokuwa nacho dubwana wa 1954. Simama barabarani chini yake na umngoje angurume. Nakano Broadway ni treni ya dakika chache kutoka hapo, na kwa wanasesere wa zamani wa mpira ndipo mahali pake. Vijiduka vimebanana kama vya Majengo, mafundi wa kukagua wako kimya nyuma ya meza. Uliza kabla ya kushika. Kisiwani Awaji unaweza kuning'inia kwenye kamba na kuingia mdomoni mwa Godzilla. Sikwenda, sipendi urefu, lakini waliokwenda wanasifu. Na kabla hujapanga safari kwa ajili ya sanamu moja, hakikisha bado ipo: Gundam ya Yokohama, roboti kubwa iliyokuwa inasogeza viungo, ilifungwa Machi 2024, na nilikuta watu uwanja wa ndege walioifuata.

Siku ya mwisho: Hibiya na Ginza

Haya ni matembezi ya bure. Anzia Hibiya, kwenye sanamu ya Godzilla iliyozinduliwa Machi 2018. Pamoja na kitako chake ni mita tatu, hivyo inakutazama usoni kuliko kile kichwa cha Shinjuku. Mzunguke, uone mkia. Kisha tembea kama dakika kumi hadi njia panda ya Ginza, utazame juu. Jengo la kona lenye mnara wa saa ndimo lilimo duka la Wako, nalo ni la mwaka 1932. Kwenye filamu ya 1954 saa ile inagonga, Godzilla anakasirika, anaibomoa. Mafundi waliijenga ndogo ili ivunjwe vizuri. Yenyewe ipo, na inagonga mpaka leo.

Nilifika pale alasiri ya mwisho, mabegi yako hotelini, kipochi kimoja cha kitenge kimebaki mkobani. Nikampigia mama kwa video nimuonyeshe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo jumba ndilo lililovunjwa?"

"Ndilo hili."

"Mbona zima?"

Saa ikaanza kugonga. Nikageuza simu juu ili aone mishale: mfupi kwenye tatu, mrefu kwenye kumi na mbili. Akanyamaza akiisikiliza mpaka ikamaliza, kisha nikamsikia anasogeza kiti.

"Saa tatu hii," akasema. "Ngoja niinjike maharage."